Kwaki tatu zina 9, protoni ina 938: iliyobaki iko wapi?

"Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tano, PCM. Tumeambiwa darasani kwamba protoni si chembe ya msingi, ndani yake mna kwaki tatu, na hapo hapo tukaambiwa hakuna mtu aliyewahi kuitoa nje kwaki hata moja. Sasa mtu anajuaje kuwa zimo? Halafu nimetafuta tungamo la hizo kwaki nikajumlisha, nikapata 9 na kidogo, wakati protoni yenyewe ni 938. Nimekosea hesabu au kuna kitu hatujaambiwa?"

Marahaba. Hesabu yako haina kosa (namba hizo ni za kipimo kiitwacho MeV, nitakieleza mbele). Kuna kitu hamjaambiwa, wala simlaumu mwalimu wenu, maana silabasi ina haraka zake. Nitaanza na swali lako la kwanza, lile la tunajuaje, kwa sababu bila hilo la pili halitaeleweka.

Ukienda sokoni kununua tikiti hulipasui. Unaligonga kwa kidole na kusikiliza. Fizikia ya chembe ni kazi ya kugonga matikiti, isipokuwa kidole ni chembe iliyorushwa kwa kasi, na kusikiliza ni kutazama chembe hiyo imepotokea wapi. Mwaka 1909, pale Manchester, Hans Geiger na Ernest Marsden, wakifanya kazi chini ya Ernest Rutherford, walielekeza chembe za alfa, ambazo zina chaji chanya, kwenye bati la dhahabu jembamba kuliko karatasi. Nyingi zilipita kana kwamba hapakuwa na kitu. Chache mno, moja katika maelfu, ziligonga na kurudi zilikotoka. Rutherford alikaa na jambo hilo, na 1911 akatoa jibu: chaji chanya yote ya atomu na karibu tungamo lake lote vimerundikwa mahali padogo sana katikati, yaani kiini.

Padogo kiasi gani? Chukua punje ya pilipili manga, uiite protoni ya hidrojeni. Atomu yake itakuwa na upana wa mita 300 hivi: uwanja wa mpira, majukwaa yake, na maegesho ya magari juu. Katika eneo lote hilo hakuna kingine ila elektroni moja, ambayo mpaka leo hakuna aliyeipima ikaonyesha ina ukubwa wowote.

Sasa tuje kwenye protoni. Mwaka 1968 huko California, katika maabara ya SLAC, kulikuwa na bomba lililonyooka la kilomita 3 hivi, kazi yake kusukuma elektroni mpaka zikaribie kasi ya mwanga. Mwishoni mwa njia waliweka hidrojeni ya kimiminika, kwa kuwa kiini cha hidrojeni ni protoni moja tupu. Wengi walidhani protoni ni kama uji laini, chaji imesambaa sawasawa. Elektroni zenye nguvu ile zingeupita uji huo zikipinda kidogo tu. Lakini zilizopinda kwa pembe kubwa zilikuwa nyingi kuliko walivyotarajia. Uji ulikuwa na mabonge! Jerome Friedman, Henry Kendall na Richard Taylor, waliokuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990.

Utauliza kwa nini bomba la kilomita 3 wakati Rutherford alitumia kifaa cha kukaa juu ya meza. Kila chembe ina tabia ya wimbi, na wimbi halitambui kitu kilicho kidogo kuliko urefu wake. Wimbi kubwa la bahari likipita kwenye mti mmoja wa wando (uzio wa kunasia samaki), nyuma yake huoni alama yoyote. Viwimbi vidogo vya maji tulivu vikigonga mti ule ule, unaviona vimevunjika. Kadiri unavyoiongezea chembe nishati, ndivyo wimbi lake linavyofupika, na ndivyo unavyoona vidogo zaidi. Ndiyo maana mashine zinazochunguza vitu vidogo kuliko vyote duniani ni kubwa kuliko zote. Ile ya CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ni duara lenye mzingo wa kilomita 27, imezikwa mita 100 hivi chini ya ardhi.

Mabonge yale yalikuwa yameshatabiriwa kwa kalamu. Kufikia miaka ya 1950 chembe mpya zilikuwa zinaibuka kila mara, mpaka wanafizikia wakaanza kuchoka kuzipa majina. Mwaka 1964 Murray Gell-Mann na George Zweig, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kuwa kundi lile lote linapangika vizuri ukichukulia limejengwa kwa vipande vichache. Gell-Mann aliviita kwaki. Viwili vya kwanza huandikwa kwa herufi u na d. Kwaki u ina chaji ya +2/3, kwaki d ina −1/3. Protoni ni u, u, d: 2/3 + 2/3 − 1/3 = 1. Nyutroni ni u, d, d: 2/3 − 1/3 − 1/3 = 0. Mwaka huo huo ilipatikana, katika maabara ya Brookhaven, chembe ambayo Gell-Mann alikuwa ameitabiri miaka miwili kabla, chaji yake na tungamo lake vikiwa vinajulikana hata kabla haijaonekana. Leo tunasema imeundwa na kwaki tatu za aina ya tatu, s.

Kwa hiyo ushahidi upo wa namna mbili zinazojitegemea: mpangilio wa chembe ulikaa sawa, na protoni ilipogongwa ilitoa sauti ya mabonge. Kwa nini basi hatuwezi kuchomoa bonge moja tukaliweka mezani?

Chukua rababendi. Ikiwa imelegea, ncha zake hazisumbuani. Ukivuta, inavuta nawe. Kani inayofunga kwaki inafanana na hiyo, tofauti kabisa na umeme au mvutano wa dunia ambao hupungua kadiri unavyokwenda mbali. Kwaki mbili zikishaachana kiasi cha upana wa protoni, kani kati yao inabaki karibu tani 16, uzito wa lori na shehena yake, kwa kitu ambacho hadubini yoyote haiwezi kukionyesha. Ukiendelea kuvuta, nishati unayotia inazidi kurundikana, na inafika mahali ambapo ni rahisi zaidi kwa nishati hiyo kugeuka kuwa kwaki mpya na antikwaki yake (pacha wake mwenye chaji kinyume) kuliko kuvutwa zaidi. Rababendi inakatika, lakini kila kipande kina ncha zake mbili. Ulitaka ncha moja, umepata rababendi mbili. Hakuna aliyewahi kutoka sokoni na rababendi yenye ncha moja.

Kinachofanya kazi ya rababendi kinaitwa gluoni. Mwaka 1979 huko Hamburg, Ujerumani, waligongesha elektroni na pozitroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya) wakaona chembe zinatoka kwa mafungu matatu badala ya mawili: mawili ya kwaki, la tatu la gluoni iliyochomoka njiani. Gluoni haina tungamo kabisa, kama ilivyo fotoni, chembe ya mwanga. Hapo ndipo swali lako la pili linapouma zaidi. Kwaki tatu zina 9, gluoni zina sifuri, jumla 938. Vipi?

Tuandike hesabu vizuri. Tunapima kwa MeV, milioni za elektroni-volti, kwa sababu kilogramu hapa inaleta sifuri nyingi mno. Kwaki u ina karibu 2.2, kwaki d karibu 4.7. Protoni: 2.2 + 2.2 + 4.7 = 9.1. Hiyo ni asilimia moja ya 938. (Namba za kwaki hazikupimwa kwa mizani, zimekokotolewa, na kwenye vitabu utazikuta zinatofautiana kidogo. Usigombane na mwenzako kwa desimali.)

Wote mnaijua E = mc², imeandikwa mpaka kwenye fulana. Watu huisoma kutoka kushoto: tungamo dogo linatoa nishati kubwa, basi mabomu. Isome kutoka upande wa pili, m = E/c². Nishati iliyofungiwa mahali pamoja, ukiweka kwenye mizani, ni tungamo. Kikombe cha chai ya moto ni kizito kuliko kikombe hicho hicho kikipoa. Tofauti yenyewe haifiki hata sehemu moja ya bilioni ya gramu, ndiyo maana muuza chai hakutozi. Ila ndani ya protoni mambo yamegeuka: "chai" yenyewe ni asilimia moja, na "moto" ni asilimia 99. Kwaki zimebanwa mahali padogo ajabu, na kitu kilichobanwa hivyo hakitulii, zinakimbia karibu na kasi ya mwanga. Gluoni nazo zinavutana na kwaki na kuvutana zenyewe kwa zenyewe, jozi za kwaki na antikwaki zinazuka na kufutika. Nishati ya fujo hiyo yote, ukiigawa kwa c², ndiyo 938.

Na hii si hadithi ya kutuliza mwanafunzi msumbufu. Mwaka 2008 watafiti wa Budapest, Marseille na Wuppertal waliziingiza kanuni za kwaki na gluoni kwenye kompyuta kubwa, wakaiacha ikokotoe tungamo la protoni kutoka mwanzo. Jibu liliafikiana na vipimo vya maabara kwa tofauti ya asilimia chache tu.

Sasa jipime mwenyewe. Tuseme una kilo 60. Elektroni zako zote, ambazo ndizo kemia yako nzima, hazifiki gramu 20. Tungamo la kwaki zako zote ni gramu 650 hivi, kopo kubwa la maziwa ya unga. Kilo 59 na ushei zilizobaki ni nishati iliyofungiwa ndani ya protoni na nyutroni. Ukipanda mizani ya zahanati, muuguzi anasoma mwendo wa kwaki na msukosuko wa gluoni.

Hapa nisahihishe kitu ambacho nimekisikia mpaka redioni, kwamba chembe ya Higgs ndiyo inayotupa uzito wote. Chembe hiyo ilitangazwa CERN tarehe 4 Julai 2012, tungamo lake karibu 125,000 MeV, na mwaka uliofuata François Englert na Peter Higgs wakapata Nobel. Uga wa Higgs unaipa elektroni tungamo lake, na kwaki tungamo lake. Yaani unahusika na gramu 650 zako na zile gramu chache za elektroni. Kilo 59 haziutegemei, isipokuwa kwa kiasi kidogo na kwa njia ya mzunguko.

Lakini usiidharau hiyo asilimia moja. Kwaki d ni nzito kuliko u, na kwa sababu hiyo nyutroni, yenye d mbili, inaizidi protoni kwa 1.3 MeV tu: 939.6 dhidi ya 938.3. Ziada hiyo ndogo inatosha kuifanya nyutroni iliyo peke yake ioze. Ndani ya dakika 15 hivi, kwa wastani, kwaki d moja inageuka u, na nyutroni inakuwa protoni, ikitema elektroni na antinyutrino, pacha wa nyutrino, chembe nyepesi mno isiyo na chaji. Kama ingekuwa kinyume, protoni ndizo zingeoza, hidrojeni isingedumu, na bila hidrojeni hakuna maji wala jua letu hili.

Kuoza huko kunatuleta kwa familia iliyobaki, nami nitaipitia kwa haraka kwa sababu orodha utaikuta kwenye kitabu chochote. Kwaki ni sita: u, d, s, c, b, t. Ya mwisho, t, ilipatikana Fermilab nchini Marekani mwaka 1995, na peke yake inakaribia uzito wa atomu nzima ya dhahabu, jambo ambalo hakuna anayejua sababu yake. Leptoni ni sita: elektroni, ndugu zake wazito myuoni na tau, na nyutrino tatu, moja kwa kila mmoja wao. Kisha wapo wabeba kani: fotoni kwa umeme, gluoni kwa kani kali, na W na Z kwa kani hafifu, ile inayogeuza d kuwa u. Hatimaye Higgs. Kila chembe ya maada ina mwenzake wa antimaada, na usidhani antimaada ni ya sinema tu: ndizi yako ya asubuhi ina potasiamu, sehemu ndogo yake ni mnururifu, na takriban mara moja kila saa moja au mbili ndizi hiyo inatema pozitroni moja. Kula tu, haina neno.

Vitu vinavyotuzunguka vimejengwa kwa u, d na elektroni. Basi. Wengine wote wanaonekana wa ziada. Myuoni ilipogunduliwa 1936, mwanafizikia Isidor Rabi anasemekana aliuliza ni nani aliyeiagiza, kama mtu aliyeletewa mezani sahani ambayo hakuitaka. Swali lake halijajibiwa hadi leo.

Na bado myuoni ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu unaweza kuiona. Kunjua kiganja chako. Miale kutoka anga za mbali inagonga hewa huko juu, kilomita 15 hivi, inazaa myuoni, na karibu moja inapita kila sentimita mraba kila dakika. Kiganja chako kimepitiwa na moja au mbili wakati unasoma neno hili. Myuoni huishi sehemu 2.2 tu za sekunde iliyogawanywa mara milioni, muda ambao hata kwa kasi ya mwanga ungeifikisha mita 660 tu. Inafika chini kwa sababu kwa kitu kinachokimbia namna hiyo saa yake huenda polepole, kama Einstein alivyosema. Kila myuoni inayogonga meza yako ni jaribio la rilativiti.

Miaka kadhaa nyuma nilitengeneza chombo cha kuzionyesha darasani. Ni boksi la kioo lililofungwa, juu yake kitambaa cha sufi kilicholowekwa spiriti ya isopropili, chini yake bati jeusi lililolazwa juu ya barafu kavu, na tochi ya kumulika ubavuni. Mvuke wa spiriti unashuka, unapoa kupita kiasi, unasubiri kisingizio cha kugeuka umande. Chembe yenye chaji ikipita, ndicho kisingizio. Mara ya kwanza nilisahau kuziba pembe moja, tukakaa gizani dakika 20 tukitazama ukungu. Tulipoziba, baada ya kitambo kidogo, msichana wa mstari wa mbele akashika mdomo. Uzi mweupe mwembamba ulikuwa umenyooka kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, ukafifia. Kisha mwingine mnene na mfupi: alfa kutoka kwenye gesi ya radoni iliyomo hewani. Kisha uliojipindapinda kama maandishi ya mtoto: elektroni. Baada ya hapo hakuna aliyeniuliza tena nani aliziona chembe. (Barafu kavu haishikwi kwa mkono mtupu, na chumba kiwe na madirisha wazi. Mwite mwalimu wako wa maabara.)

Nyutrino ndizo ngumu. Bilioni 60 hivi kutoka kwenye jua zinapita kila sentimita mraba ya mwili wako kila sekunde, usiku na mchana, maana dunia haizizuii. Wolfgang Pauli alizibuni 1930 ili hesabu ya kuoza kwa viini vya atomu ikae sawa, zikanaswa mara ya kwanza 1956 karibu na kinu cha nyuklia Marekani. Zile zinazozaliwa angani na miale ya mbali zilinaswa 1965, na hapa Afrika ina jina lake: mgodi wa dhahabu karibu na Johannesburg, zaidi ya kilomita 3 chini ya ardhi, ambako mwamba unachuja karibu kila kitu kingine. Wakati huo huo kundi jingine lilikuwa likifanya hivyo kwenye mgodi wa dhahabu wa Kolar, India.

Kuhusu kwenda mbele zaidi, swali ambalo hukuliuliza lakini nalihisi: si lazima uanzie Geneva, iliko CERN. Kigali kuna taasisi ya utafiti wa fizikia ya msingi, chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda na ni tawi la kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia cha Trieste, Italia, kile alichokianzisha Abdus Salam wa Pakistani mwaka 1964 akiwafikiria hasa vijana wa nchi kama zetu. Wanachohitaji kwako kwa sasa ni hisabati. Kalkulasi, vekta, matriki. Majina ya kwaki utayajifunza kwa siku moja.

Na ile 9.1 usiifute daftarini. Andika chini yake hesabu ya nyutroni: 2.2 + 4.7 + 4.7. Utaona inaizidi protoni kwa 2.5, wakati nimekuambia tofauti ya kweli ni 1.3. Kabla hujaniandikia kuwa nimekosea, fikiria hili: protoni ina chaji ya umeme, nyutroni haina, na kubana chaji mahali padogo kunagharimu nishati.